Mshahara Uliokaa Zizini

Kabla ya watu binafsi kuruhusiwa kununua pamba, sikumbuki mtu yeyote Bariadi aliyemlipa mwenzake ili amfutie dirisha. Ofisi zilikuwa za serikali au za ushirika, na vioo vyake vilifutwa na mhudumu pale mgeni mkubwa alipotangazwa. Mimi nilikuwa mhudumu wa namna hiyo, katika ofisi ya ushirika. Nilichemsha chai, nilipeleka mafaili, na mgeni akitangazwa nilipanda juu ya kiti nikafuta vioo kwa gazeti la juzi. Kisha soko likafunguliwa. Makampuni yakaja na malori na mizani yao, ushirika ukakosa pamba ya kununua, na sisi wa chai na mafaili tukawa wa kwanza kupunguzwa. Nilipewa kiinua mgongo ambacho hakingeinua hata bega.

Makampuni yale yalikuja na kitu ambacho sisi hatukuwahi kukijali, yaani madirisha makubwa. Ushirika ulijenga kwa vidirisha vyenye nondo, vya kuzuia wezi. Hawa wapya walitaka meneja akae kwenye kiti chake na aone uwanja mzima wa mizani. Lakini msimu wa pamba kwetu ndio msimu wa vumbi. Malori yanapita kutwa, nyuzi za pamba zinaelea hewani, zinakutana na vumbi kwenye kioo zinashikana, na baada ya wiki moja meneja haoni mizani wala anayemwibia kwenye mizani. Nikachukua ndoo, nikaenda kubisha hodi. Meneja wa kwanza alidhani nimekuja kuomba sabuni. Nilimfutia nusu ya dirisha moja, akaona tofauti, akaniambia nimalizie. Nikamwambia kumalizia kuna bei.

Kazi yenyewe haikuwa na siri kubwa. Nilinunua ngazi na ndoo, fundi baiskeli akanichania tyubu ya gari, nikaubana ule mpira kwenye kipande cha mbao ukawa wa kukokotea maji kwenye kioo. Maji ndiyo yalinisumbua. Ya kisima cha mjini yana chumvi, yakikauka yanaacha madoadoa meupe kama mtu aliyekula ugali bila kunawa mdomo. Ilibidi tuchote ya lambo, bwawa la mvua, tuyaache yatulie, kisha tuyachuje kwa kitambaa. Kwa ajili ya maji hayo nikahitaji watu.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuendesha lori la ushirika hadi lori lilipouzwa. Hakuogopa kupanda juu, na alikuwa na baiskeli ya kubebea madumu. Wa pili alikuwa mwanamke kijana aliyekuja kuuliza kama nahitaji wa kuchota maji. Nilimjaribu kwa maji, nikaona anafuta vioo vizuri kuliko anavyochota, nikampandisha ngazi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilichojua juu yake ni kwamba kwao ni Sapiwi, ameolewa Mkula, ameondoka kwa mumewe, na sasa anakaa mjini kwa kaka yake aliyekuwa kibarua wa kupakia marobota ya pamba. Aliniita mayu, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao, ingawa sikumzidi umri wa kumzaa. Sikumkataza.

Basi ikaja habari ya malipo. Mzee alitaka mshahara wa mwisho wa mwezi, kama ushirika. Nilimkumbusha kwamba ushirika kwa miezi ya mwisho haukumlipa, akasema hiyo si hoja, hata usipolipwa mshahara unajua wewe ni mtu wa mshahara. Nilikataa. Mimi mwenyewe sikujua mwezi ujao utakuwa na vioo vingapi, na makampuni yalikuwa na tabia ya kulipa msimu ukifungwa, baada ya wewe kwenda mara nyingi hadi mlinzi akakuzoea. Nikaamua kila mtu alipwe siku aliyofanya kazi, jioni, mkononi, kiwango kimoja. Niliona ni njia safi. Anayekuja anapata, asiyekuja asinung'unike.

Usafi wenyewe haukudumu. Jioni ya kwanza tu kaka yake yule dada alikuwa amesimama nje ya geti. Alinisalimia kwa heshima zote, mwadila mayu, akauliza habari za nyumbani, kisha akamgeukia dada yake akanyoosha mkono. Dada akaweka pesa kwenye ule mkono. Kesho yake vilevile. Nilidhani ni deni, kisha nikadhani ni kodi ya chumba, kisha nikaacha kudhani, kwa sababu haikunihusu. Nikishamlipa mtu, pesa si yangu tena. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yangu, na niliishika vizuri mpaka siku nilipomwona anafuta dirisha la juu huku mguu unamtetemeka. Nilimshusha. Alikuwa hajala tangu jana yake mchana.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa nabadilisha utaratibu. Nikatangaza kwamba kuanzia sasa ni malipo kwa kioo. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kaka anajua kiwango cha siku, lakini hajui dada yake amefuta vioo vingapi, basi dada anaweza kubakiza chochote. Kumbe nilikuwa nimefungua mlango wa wazimu. Mzee alienda moja kwa moja kwenye madirisha ya luva, yale yenye vipande vyembamba vinavyopangana kama magamba ya samaki, akafuta dirisha moja na kudai malipo ya vioo kumi na vitatu. Nikamwambia dirisha ni dirisha. Akasema nilitamka kioo, sikutamka dirisha, na kila kipande kile kikivunjika dukani kinauzwa peke yake. Lile dirisha pana la meneja, lenye kioo kimoja kikubwa kuliko mlango, hakuna aliyetaka kuligusa. Na haraka ikaanza. Tukaitwa mara mbili kurudia kazi kwa sababu kona zote zilikuwa na uchafu.

Kaka naye hakukwama. Alivuka barabara, akasimama chini ya mwarobaini wa jirani, akahesabu madirisha ya jengo zima kwa kidole, akagawa kwa watu wawili. Jioni alimwambia dada yake kiasi anachopaswa kuwa nacho, na hakukosea sana. Nilirudisha malipo ya siku.

Juma lilelile yule dada alinifuata nikiwa nasuuza vitambaa. Alikuwa amejiandaa, kwa sababu alisema maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima.

"Mayu, mimi usinilipe hela. Hela yangu ina mwenyewe. Niwekee, msimu ukiisha ninunulie mtamba."

Nilimuuliza mtamba wa nini, ng'ombe jike ambaye hata hajazaa. Ndipo aliponieleza. Alipoolewa, ng'ombe wa mahari walikaa zizini kwa baba yake muda mfupi tu, kisha wakatoka kwenda kumtolea kaka yake mahari. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ndivyo tunavyoishi. Binti akiingiza ng'ombe, kijana wa nyumba hiyo anaoa. Lakini yeye alipomkimbia mumewe, upande wa mume ulidai ng'ombe wao. Baba yake akakwangua alichonacho, akarudisha baadhi, wakabaki watatu wa deni. Suala likafika baraza la kata, nalo likatoa muda: mpaka misimu miwili ya pamba ipite. Ng'ombe watatu wasipopatikana, arudi kwa mumewe. Baba alishasema hana ng'ombe wa kumrudishia mtu. Kaka alisema si yeye aliyeondoka kwa mume.

Kwa nini aliondoka hakuniambia, nami sikumuuliza. Alisema tu, bila kuinua sauti, kwamba akirudishwa kule atakufa. Kwa jinsi alivyosema sikuona kama anatafuta huruma. Ilikuwa kama mtu anayekuambia bei ya kitu.

Nilimkatalia. Nataka nieleze kwa nini, maana nilikuwa na sababu zangu. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ambayo mazungumzo ya asubuhi ni ng'ombe, ya mchana ni ng'ombe, na kaka zangu walikwenda shule siku ambazo ng'ombe waliruhusu. Nilikuja mjini, nikavaa viatu, nikapika chai ya wakubwa, na nilipofungua kazi yangu nilitaka iwe kazi ya ndoo na noti. Nikamwambia mimi nafuta vioo, sifugi. Akasema wabeja, yaani asante, akarudi kwenye ngazi.

Kilichonigeuza hakikuwa wema. Baada ya siku kadhaa tulikuwa kwenye ofisi ya kampuni moja iliyo karibu na barabara kuu, yeye yuko juu ya ngazi. Wakaja wanaume wawili na baiskeli, mmoja kijana, mmoja mtu mzima mwenye fimbo. Kijana ndiye aliyekuwa mume, yule mwingine baba yake mdogo. Hawakupiga kelele. Walisimama chini ya ngazi, yule mwenye fimbo akazungumza kwa Kisukuma, polepole, akimkumbusha kwamba msimu wa kwanza umeshaanza na bado hawajaona hata mkia. Mume alikuwa anatazama kanyagio la baiskeli. Dada aliendelea kufuta. Hakugeuka, hakujibu, alikokota maji kutoka juu hadi chini, akahamia kioo kinachofuata. Ndani ya ofisi makarani wawili waliacha kuandika wakawa wanatazama dirishani kama wako sinema, na meneja alitoka akaniuliza kama hii ni kazi au ni kesi. Wale wanaume walipoondoka nilikuwa na hasira, siwezi kusema kwa nani hasa. Nilimwambia yule dada ashuke, nikamwambia nitamlipa mtamba.

Masharti tuliyapanga palepale, mzee akiwa shahidi. Mchana nitamlisha, chakula cha kweli, ugali na samaki wa Lamadi au maharage. Sabuni na mahitaji yake madogo nitampa kadiri yatakavyokuja. Kinachobaki nitakiweka hadi makampuni yatakapolipa, kisha nitakwenda mnadani na mtu anayejua ng'ombe. Sitajifanya malaika: mpango huu ulinifaa hata mimi. Sikuwa tena na mtu wa kumlipa kila jioni wakati makampuni yananizungusha. Mzee aliliona hilo haraka kuliko yeye, akauliza kama na yeye anaweza kulipwa pikipiki. Nikamwambia atalipwa anacholipwa.

Swali lililobaki lilikuwa ng'ombe huyo atalala wapi. Kwa kaka hapana. Kwa baba yake hapana, kwa sababu ng'ombe akiingia zizi la baba anakuwa wa baba, hata kama umemnunua kwa jasho lako na kila mtu alikuona. Nikamwendea mjomba wangu, ambaye naye anakaa Sapiwi, upande wa pili wa kata. Kumwekea mtu ng'ombe wako amchunge ni jambo la kawaida kwetu. Mchungaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi, mwenye mali anabaki na mali. Mjomba alikubali, kwa sharti moja: kwa watu wote ng'ombe huyo ataitwa wangu. Alisema binti aliyetoka kwa mume hana ng'ombe, na akiwa naye watatokea watu wengi wa kumsaidia kumtunza.

Kaka yake, kwanza nilimweleza kwa upole. Nilimwambia biashara ni mbaya, simlipi dada yake pesa tena, anafanya kazi kwa chakula mpaka hali itengemae. Akasema hajawahi kusikia mtu mwenye ngazi mbili akalia njaa. Alikuja jioni tatu au nne zaidi, akaona kweli hakuna kinachotoka, akaacha kuja. Nilijipongeza mapema mno.

Neno likaanza kutembea mjini. Nilisikia kwanza sokoni, kisha kanisani kwa wanawake wenzangu, waliokuwa wakiniambia kwa kuzungukazunguka kwamba damu ya maskini ni nzito. Nilikuwa namtumikisha binti wa watu bure. Nilikuwa nimejifunza kwa hao matajiri wapya wa pamba. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi anayependa amani, aliniomba niseme ukweli ili tuishi vizuri na majirani. Sikuweza. Nikisema kwamba nina mpango wa mtamba, kabla ya jua kuzama kaka na baba watakuwa zizini kwa mjomba. Basi nikabaki kuwa mnyonyaji. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu nisingekuwa mimi, na mimi ningesema maneno yaleyale.

Kaka alipoona mji uko upande wake, alinishtaki ofisi ya kata. Mtendaji alituita sote, akakaa nyuma ya meza yake na kusoma kwa sauti kwamba mshahara ni fedha, na kwamba kumlipa mtu chakula peke yake ni kosa. Nilikuwa najua. Nilikuwa tayari kuonywa, pengine kutozwa faini, na nilikuwa nawaza nitampaje dada pesa mbele ya kaka kila jioni na mtamba wetu afe kabla hajanunuliwa. Mtendaji akamgeukia yule dada, akamuuliza kama ni kweli halipwi.

Alikuwa amesimama karibu na mlango. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Huyu mama sijamdai kitu. Siku nikimdai, nitakuja mwenyewe."

Mtendaji akamuuliza kaka kama yeye ndiye aliyefanya kazi. Kaka akasema yeye ni kaka. Mtendaji akafunga faili, akasema akiletewa malalamiko na mwenye malalamiko atayasikiliza. Tulipotoka nje kaka alimwambia dada yake ahame nyumbani kwake, na akahama usiku uleule akaja kulala chumba changu cha stoo, kati ya ndoo. Sikupanga hivyo. Lakini mtu akikataa pesa zake hadharani kwa ajili ya kukuamini wewe, huwezi kumwambia nyumba imejaa.

Msimu ulipofungwa na makampuni yalipomaliza kunizungusha, nilikwenda mnadani na mjomba. Tulinunua mtamba mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Dada alikwenda kumwona siku moja tu, akijifanya amenisindikiza. Alimzunguka, akamshika chini ya shingo, akatazama meno, akaniambia yuko sawa, tukarudi. Wakati wa mvua makampuni yalipopungua tulifuta madirisha ya nyumba za wageni na ya maduka, kazi ndogondogo za kijungu jiko. Mzee, ambaye hakuwahi kukubali kwamba ng'ombe ni mshahara, kila wiki aliuliza kama mtamba ana dalili, na kila wiki akakumbusha kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Alisema kwa utani, lakini nilimwona dada anavyokunja uso, nikamwambia mzee anyamaze.

Mtamba alizaa. Mjomba alituma mtu na baiskeli kusema kuna ndama jike, na yule dada alipoambiwa alikaa chini kwenye ngazi ya mlango wa duka tulilokuwa tunafuta akacheka peke yake mpaka mwenye duka akatoka kuuliza. Sikuwa nimemsikia akicheka kabla ya siku ile. Sikujua kama nilikuwa nimefurahi kiasi hicho mpaka nilipoona sabuni imenikaukia mikononi. Mzee alikubali kwamba methali nyingine zinahitaji kupimwa upya. Msimu wa pili ulipofika mwisho bei ya pamba ilikuwa imeanguka, kampuni moja iliondoka bila kunilipa, na kwa mtamba wa pili ilibidi niuze ngazi ndefu. Nilinung'unika sana kuhusu ngazi hiyo. Lakini nilikuwa nimeahidi, na wakawa watatu: mama, binti yake aliyeshaachishwa kunyonya, na mtamba mpya mweusi.

Hapo ndipo tulipogonga mwamba ambao sote, pamoja na mjomba, tulikuwa tumejifanya hatuuoni. Ng'ombe wa mahari hawarudishwi na tajiri aliyemwajiri binti, wala na binti mwenyewe. Lazima wapelekwe na mwanamume wa nyumba iliyowapokea. Baba yake alikuwa mgonjwa wa miguu na hakutaka kusikia. Alibaki kaka.

Nilikwenda kwa kaka mwenyewe, mchana, nikamwambia yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha, uso unabadilika. Kisha akasema ng'ombe wa binti ni wa baba yake, na baba akiwa hawezi, ni wake yeye. Atakwenda kuwachukua, na mambo ya Mkula yatazungumzwa baadaye. Kwa desturi hakuwa amesema jambo la ajabu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, nimeuza ngazi yangu, na nimemkabidhi kwa mdomo wangu kila kitu tulichomficha kwa misimu miwili.

Aliyeongea alikuwa mke wake. Alikuwa anachambua mchele pembeni, na hakuacha kuchambua. Alimwambia mumewe kwamba yeye aliingia nyumba hii kwa ng'ombe wa wifi yake. Wale watu wa Mkula wakichoka kusubiri, wataanza kuwafuata ng'ombe wao walikokwenda, na walikwenda kwa baba yake yeye mke, kama mahari yake. "Wakiwakuta kwa baba, mimi nitaitwa nirudi. Wapeleke hao watatu, nikae na watoto wangu."

Kaka akauliza nani atamlipa siku zake mbili za kuswaga ng'ombe mpaka Mkula, maana marobota hayamsubiri mtu. Nilitaka kumrushia kigoda. Badala yake nikamwambia ni kiwango cha siku, kilekile cha wafuta vioo, nusu sasa na nusu ng'ombe wakipokelewa. Akakubali, na tukapeana mikono kama watu wenye akili timamu.

Yule dada alikataa kwenda. Alisema ana madirisha. Mimi nilipanda gari la mizigo asubuhi nikafika Mkula mapema, nikawekwa jikoni na wanawake wa nyumba ile, ambao walinipa uji na hawakuniuliza chochote kwa sababu walijua kila kitu. Kaka na mchungaji wa mjomba waliingia jua likiwa limepinda, ng'ombe wamechoka na vumbi hadi machoni. Wazee walitoka. Baba mdogo mwenye fimbo alimzunguka yule ng'ombe mdogo, akasema huyu bado ni ndama, wao walitoa ng'ombe. Jikoni sote tuliacha kusonga ugali. Kaka akajibu kwamba ameachishwa, anakula majani, ana miguu minne, na ametembea njia yote kutoka Sapiwi kwa miguu hiyo. Alisema vizuri, sikutegemea. Mzozo ukaendelea. Mwishowe yule mume, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno kabla wala baada, alifungua mlango wa zizi akasema, "Waingizwe." Wakaingizwa. Mtu akaleta togwa.

Nilirudi kesho yake. Nilimkuta dada kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi, yuko ngazi ya pili, mzee anamshikia. Nikamwambia wamepokelewa wote watatu. Alikokota maji hadi chini ya kioo, akakausha kingo kwa kitambaa, akashuka. Aliniuliza kama yule mweusi hakuumia kwato njiani. Nikamwambia hapana. Akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko muda, na mzee na mimi tulimalizia madirisha yaliyobaki.

Jumamosi nilimwita, nikamuuliza sasa anataka tuendeleeje. Nilikuwa nimeshafikiri. Nilikuwa tayari kununua mtamba mwingine, wa kwake kweli, tumwanzishie zizi, na nilimwambia hivyo kwa majivuno kidogo, mimi niliyekimbia ng'ombe.

Alitikisa kichwa. "Hela, mayu. Kama mzee. Uniwekee mkononi."

Nilihesabu nikampa. Hakukunja wala kuficha. Alibaki amezishika mbele yake, akizitazama kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kidogo. Nilimuuliza atazifanyia nini. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kisha akaniambia hajui bado, akaaga, akashika njia ya sokoni.